Aliyelinywesha Gari Langu Njia ya Kondoa

Haya yalinitokea mimi mwenyewe, mchana kweupe, nikiwa na akili zangu zote na sijaonja hata soda. Nasema mchana kwa sababu najua umeshaanza kujichorea usiku, mwezi na bundi juu ya paa. Futa picha hiyo. Jua lilikuwa la utosi, kali kiasi kwamba hata kivuli changu kilikuwa kimekimbilia chini ya viatu kujisitiri.

Lakini lazima nianze na uvumi, la sivyo hutanielewa. Wakati nasoma masomo ya jioni pale Dodoma mjini, darasa letu lilikuwa la watu wazima watupu: walinzi, mama lishe, makonda, na mimi muuza vyombo vya plastiki. Mwalimu akichelewa, tunapiga soga. Ndipo dereva mmoja wa teksi akatuletea habari za Mnywa Rejeta. Alisema njia ya Kondoa ina mwanamke anayeishi kwa maji ya rejeta. Hagusi basi, hagusi lori, hagusi gari la harusi. Anachagua gari lenye mtu anayekwenda kumwona mgonjwa wake. Analikausha maji, gari linachemsha, mtu anabaki kando ya barabara anahangaika na boneti, na huko anakokwenda mgonjwa anakata roho bila kumwona. Roho ndiyo chakula chake hasa. Maji ni kiteremshio. Na ukikutana naye, alisema yule dereva huku amenyoosha kidole, fanya lolote lakini usimtazame usoni, maana ukishamtazama atapanda gari na wewe hadi nyumbani kwenu.

Unacheka? Darasa zima hakuna aliyecheka. Mwalimu wa fizikia aliingia katikati ya hadithi, akaweka chaki mezani, akasikiliza hadi mwisho, kisha akauliza kama anakunywa pia maji ya betri. Basi mimi ningekuwa nani nisiamini? Niliamini yote, na mkia wake. Nilifanya mtihani nikafaulu, cheti nikakitundika juu ya televisheni ambapo hata mgeni kipofu atakiona, na bado nikawa naamini.

Sasa gari. Gari langu ni la zamani. Simaanishi zamani ya watu wa mjini, ya miaka michache. Namaanisha redio yake bado inatafuta stesheni zilizokwisha kufungwa. Nililinunua kabla sijaoa, wakati wenzangu wote niliokua nao kijijini kwetu Kolo, mbele ya mji wa Kondoa, walikuwa na watoto wanaokwenda shule, na majirani walikuwa wamechoka kumuuliza mama yangu mkwe wake anakuja lini. Siku nilipoliingiza uani kwa mara ya kwanza, mama alilizunguka polepole, akalipigapiga boneti kwa kiganja kama anavyompiga ng'ombe anayemfurahia, akasema: "Basi huyu ndiye mkwe wangu. Afadhali, hana mdomo."

Jina likabaki. Mke wangu alipokuja baadaye akakuta cheo kimeshachukuliwa, ikabidi awe mkwe wa pili, naye alicheka akakubali. Majirani hawakulijua jina hilo. Lilikuwa la uani kwetu, kati ya mama, dada yangu Zuhura, mume wake Idi, mke wangu na mimi.

Na mama alilinywesha gari lile. Alikuwa ameona kwamba kila nikiegesha, chini ya injini kunabaki kidimbwi, akaamua kwamba mkwe wake ana kiu. Wageni wengine wakifika kwake wanakaribishwa chai. Gari langu lilikaribishwa maji. Alisimama mbele ya boneti na ndoo na kata, ananingoja nizungushe mfuniko kwa kitambaa, tunasikiliza ile pumzi ya moto ikitoka, halafu anamimina. Kidogo, anangoja. Kidogo, anangoja. Ukimwambia mama jaza tu twende, anakuangalia mpaka unajuta kuzaliwa na haraka. Alikuwa amelea ng'ombe na watoto katika nchi hii kavu, na alijua kwamba mnyama aliyetoka juani hapewi maji yote kwa mpigo.

Kuvuja kwenyewe kulikuwa na historia ndefu. Maji ya bomba tuliyokuwa tukiyatumia mtaani kwetu yana chumvi ya kutosha kukaangia samaki, na ndiyo hayo hayo niliyokuwa najaza kwenye rejeta miaka yote badala ya yale ya kijani ya dukani. Chumvi ikala kila kitu. Fundi wa kwanza alinishauri ute wa yai. Nikatia mayai. Fundi wa pili alisema yai ni ushamba, dawa ni bizari ya manjano, inakwenda yenyewe inatafuta tundu na kuliziba. Nikatia bizari, na kwa mwezi mzima kila nilipopita mtaani watu walitoka majumbani wakidhani nimebeba pilau. Kuvuja kulipungua, kukarudi, kukapungua. Tukazoeana.

Asubuhi moja ya kiangazi, bado napanga ndoo zangu dukani, Zuhura akanipigia simu. Dada yangu ni mtu wa maneno mengi, anaweza kukueleza bei ya nyanya mpaka salio liishe. Siku ile alikuwa na maneno machache. Alisema mama amezidiwa. Alisema njoo. Nikamuuliza anaweza kuzungumza nimsikie, akasema amelala, wewe njoo tu, na uje polepole.

Mama alikuwa anaumwa kifua tangu mwezi uliotangulia, na nilikuwa nimetoka kumwona majuzi tu, amekaa, anakunywa uji, ananitania. Kuzidiwa kukoje? Nilifunga duka, nikamwambia mke wangu afuate na basi akishawachukua watoto shuleni, nikaingia garini. Nilichotaka ni kimoja: nimkute mama yangu hai. Aniangalie aseme neno lolote, hata la kunikemea. Sikuwa na ombi jingine duniani.

Niamini, siku ile gari lile liliruka. Vilima vya Chenene vilipita kama vimebebwa. Haneti nilisimama nikalimimina dumu langu lote la akiba kwenye rejeta, kwa pupa, huku watu wa pale wakiniuliza habari za safari nami nawajibu nzuri, nzuri, machozi yananitoka. Nikaondoka na dumu tupu. Mbele kidogo, mahali pasipo nyumba wala kibanda, mshale wa joto ukaanza kupanda. Nikajifanya sijauona. Ukapanda tena. Kisha mbele ya kioo pakawa peupe. Mvuke uliotoka pale, ungeweza kuivisha wali wa harusi ya mtoto wa waziri.

Nilisimama kando ya daraja la korongo kavu. Unayajua makorongo yetu: masika ni mto unaobeba ng'ombe, kiangazi ni mchanga mweupe mtupu. Nikafungua boneti. Mpira wa juu wa rejeta, ule mnene unaoingia kwenye injini, ulikuwa umepasuka karibu na kibano chake, na mdomo wa ule mpasuko ulikuwa unatema mate ya moto. Maji hakuna. Simu haikuwa na mtandao. Barabara haikuwa na mtu.

Nikapaza sauti. Sikumwita mtu yeyote, nilipiga ukelele tu. Na kutoka chini ya daraja, sauti ya kike ikaniuliza, kwa utulivu kabisa, kama limechemsha.

Nilitazama chini. Mwanamke alikuwa amepiga magoti mchangani, kanga kaivuta mbele mpaka imefunika paji la uso, anachimba kwa kata. Pembeni yake palikuwa na mzigo wa kuni uliofungwa kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Sasa wewe ungefikiri nini? Njia ya Kondoa. Rejeta imekauka. Nina mgonjwa. Mwanamke peke yake. Moyo wangu ulishuka mpaka kwenye soksi. Nikafanya kama tulivyofundishwa na wahenga wa teksi: macho nikayapeleka miguuni, kuona kama ni kwato. Ilikuwa miguu ya mtu. Visigino vimepasuka kama vya mwanamke yeyote aliyelima maisha yake yote, vina mchanga mbichi. Miguu hiyo na mikono yake ndivyo tu nilivyovitazama. Juu ya hapo sikupandisha macho tena, na nakuomba ukumbuke hilo, maana mimi silisahau.

Nikamwamkia. Hata kama ni jini, ni mtu mzima.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Usiuguse huo mfuniko. Kaa kwanza."

"Nina mgonjwa, mama. Sina muda wa kukaa."

"Ukiufungua sasa utaungua uso. Huo uso ulioungua utakwenda kumwonyesha nani?"

Nikakaa. Sijui kwa nini nilikaa. Nilikaa chini ya mgunga mwembamba ukingoni, nikainamisha kichwa, nikawa naangalia mikono yake tu. Alichimba taratibu, kama ana siku nzima. Shimo likafika kiwikoni, mchanga ukageuka rangi, maji yakaanza kujikusanya chini, ya tope. Akayachota akayamwaga. Nikataka kulia. Nilimwambia hayo hayo yanatosha, gari haliangalii rangi. Akasema ya kwanza hayanywewi. Akayangoja mengine, nayo akayamwaga. Mimi moyoni nikasema huyu ndiye, huyu ndiye kabisa, ananichelewesha makusudi, na kila kata anayomwaga ni pumzi ya mama yangu.

Mara ya tatu maji yakaja safi. Nakuapia, sijawahi kuona maji safi namna ile Dodoma nzima, pamoja na yale ya chupa. Nikashuka na dumu langu, macho chini, akalijaza kata kwa kata, nikapanda nalo. Halafu akafungua ule mpira wa tyubu kutoka kwenye kuni zake, kuni zikatawanyika mchangani, akanirushia bila kusimama. Akaniambia nizungushe pale palipopasuka, kila mzunguko ulalie nusu ya mwenzake, na nivute. Nilikuwa nafunga kwa pupa, mpira unaniteleza. Kutoka kule chini akanitania:

"Vuta, baba. Mkono wa kalamu huo. Vuta."

Nikavuta mpaka viungo vya vidole vikalia. Ilipofika wakati wa kumimina, nilinyanyua dumu nikaliinamisha lote, kwa ile haraka yangu. Akanisimamisha. Hakupaza sauti.

"Mpe mkwe wangu maji polepole," alisema. "Injini ina moto, atapasuka moyo. Kidogo, ungoje."

Nikampa kidogo, nikangoja. Kidogo, nikangoja. Gari likawa linaguna, linashusha pumzi, linanyamaza. Nilikuwa na hofu na haraka mno, na neno lile lilipita masikioni mwangu kama upepo. Rejeta ikajaa hadi shingoni. Nikafunga mfuniko, nikawasha, injini ikaitika mara moja, laini, kama siku niliyolinunua.

Nilisema asante nikiwa nimeiangalia barabara. Nikauliza, kwa adabu ya kinywa tu, kama nimpeleke mahali. Nilikuwa naomba akatae.

"Nenda," akasema. "Mimi siendi mbali. Ila usikimbie, baba."

Nikaondoka. Sikugeuka. Hata kioo cha pembeni nilikikunja kwa mkono, nisije nikamwona uso kwa bahati mbaya.

Nilikuwa nimeshaukaribia mji wa Kondoa ndipo neno lile likarudi. Lilikuja lenyewe, katikati ya kubadilisha gia. Mkwe wangu. Nani amemwambia? Nywele zilinisimama mpaka nadhani ziligusa paa la gari. Nikajieleza haraka haraka, maana mtu mwenye cheti hakosi maelezo: jini huyu ameingia nyumbani kwetu, ameiba maneno ya mama yangu, amekuja kuyatumia kunikalisha juani ili nichelewe. Nikamlaani pale pale kwa sauti, madirisha yakiwa wazi, mpaka mwendesha bodaboda mmoja akaniuliza kama namsema yeye. Nikakanyaga mafuta. Mshale wa joto haukusogea. Hadi Kolo haukusogea hata unywele.

Nilipoingia uani nilielewa kabla sijazima gari. Mikeka ilikuwa imetandikwa nje, wanaume wamekaa wamenyamaza. Hakuna mtu anayekaa hivyo kwa mgonjwa. Idi, shemeji yangu, alikuja akanifungulia mlango yeye mwenyewe, akanishika bega kabla sijashuka.

"Pole, shemeji. Mama ametutoka."

Nikauliza lini. Idi akaangalia chini, akasema si muda mrefu.

Si muda mrefu! Unajua maneno hayo yanafanya nini ndani ya mtu? Nilipiga hesabu hapo hapo, mguu mmoja ndani ya gari mwingine nje. Si muda mrefu maana yake ni pale mgungani. Ni zile kata za tope zilizomwagwa. Nilianguka kwenye usukani, honi ikalia, ikaendelea kulia mpaka Idi akaniinua.

Walikuwa wameshamwosha na kumkafini. Sikujiuliza wameyafanya yote hayo saa ngapi, wala kaburi limechimbwa lini. Mtu aliyefiwa hana akili ya kujiuliza. Walinifunulia uso wake nimuage. Ulikuwa uso wa mama yangu kabisa, umetulia, ila macho yamefumba. Nilimwita. Nilimwita kama mtoto anayeamsha mtu mzima usingizini, nikimwambia nimekuja, mkwe wako yuko nje, ana kiu. Dada yangu akatoka chumbani kwa sababu hakuweza kuvumilia kunisikia. Alasiri tukamswalia, tukamzika upande wa shamba la alizeti, karibu na baba.

Jioni ile Idi alitaka kuliondoa gari langu kwenye njia ya wageni, akanusa joto, akafungua boneti. Akaniita. Sauti yake haikuwa ya kawaida.

"Shemeji, hili gari umelileta au limekuleta?"

Nikaenda nikaangalia. Mpira wa rejeta ulikuwa umepasuka vilevile, mdomo wazi, urefu wa kidole cha shahada, na kando yake pakavu. Pale nilipokuwa nimefunga mpira wa tyubu hapakuwa na kitu. Hapakuwa na mpira, kipande wala alama. Na rejeta ilikuwa imejaa mpaka shingoni, maji safi. Idi si mtu wa kuota ndoto. Alipitisha kidole kwenye mpasuko, kikaingia chote, akakitoa kikavu, akafunga boneti polepole na kurudi kwenye mikeka. Fundi wa Kondoa aliyekuja kubadilisha mpira ule baada ya matanga alitufanyia dhihaka, akasema hakuna gari linalofika hapa likiwa hivi, hata likitokea Bicha tu, hapo Kondoa, tuache kuwatania watu wakubwa.

Nilirudi korongoni na Idi. Nilikwenda kwa shari, nataka niseme kweli. Nilikuwa na udi, nilikuwa na maneno. Tukakuta mchanga mkavu, laini, haujaguswa. Nyayo zilikuwa zangu peke yangu, zinashuka na kupanda, za kupanda zimezama kama za mtu aliyebeba mzigo. Shimo hakuna. Kuni hakuna. Mchunga ng'ombe mmoja aliyekuwa akipita alitushangaa, akasema pale hapajawahi kutoa maji kiangazi tangu yeye azaliwe, watu wanachimba chini kabisa kwenye kona, na hata huko wanapata ya kubahatisha.

Basi mimi nikapata uhakika. Mnywa Rejeta yupo, na mimi ndiye amenila. Siku zote za matanga, na wiki zilizofuata, kila aliyekuja kutupa pole nilimsimulia: kwamba kuna mwanamke wa mchangani aliyenikalisha akaniibia mama yangu. Nilimchukia mwanamke yule kuliko nilivyowahi kumchukia mtu. Kila nilipopita lile daraja nilipunguza mwendo ili nimtukane vizuri. Nilikuwa nimekonda mpaka mke wangu akawa anasema naye amebaki na mkwe wa kwanza tu ndani ya nyumba, maana mume amekwisha. Nilicheka siku ile kwa mara ya kwanza, nikalia katikati ya kicheko.

Siku hizi ukipita njia ile ukaona gari kuukuu limeegeshwa kando ya daraja, boneti imefunguliwa na mtu mzima amesimama mchangani na dumu, usisimame kuuliza kama limeharibika. Halijaharibika. Lina rejeta mpya, lina mpira mpya, linakunywa maji ya kijani ya dukani, halivuji tone. Ni mimi. Nafika ukingoni, naiamkia hewa, namimina maji kidogo mchangani, nangoja, namimina tena. Kisha nasimama nimekodoa macho kama mwizi wa kuku, natafuta uso. Sijauona. Usingizini naiona mikono tu na vile visigino, na kila nikitaka kupandisha macho naamka. Mke wangu ameshazoea. Ananigeuza upande mwingine, tunalala.

Kwa hiyo wewe unayesoma, nisikilize mimi mwenye cheti changu. Siku ukipigiwa simu ukaambiwa mgonjwa wako amezidiwa, endesha polepole. Gari likichemsha, kaa kivulini, acha lipoe, usiufungue mfuniko. Na akitokea mtu akakupa maji mahali pasipo na maji, usiyasikilize maneno ya teksi. Inua macho. Mwangalie usoni, umwangalie mpaka utosheke. Hutapewa nafasi nyingine.

Mimi nilijua hayo siku ya arobaini. Wageni walikuwa wamekwisha kuondoka. Zuhura alikuwa uani anasugua masufuria kwa mchanga na jivu, nami nimekaa kwenye kigoda namsimulia shangazi yetu wa Kondoa, kwa mara ya mia, jinsi yule mwanamke alivyonichelewesha, nami nazidisha chumvi kama kawaida yangu, sasa hivi kata zilizomwagwa zimefika saba. Zuhura akaacha kusugua. Akafuta mikono kwenye kanga, hakuniangalia, akawa anaangalia gari pale lilipoegeshwa.

"Acha kumsema huyo mama," akasema. "Mama yetu alifariki alfajiri, kabla sijakupigia simu. Nilikuambia amezidiwa kwa sababu nakujua, ungeendesha huku unalia ukajiua njiani. Tulikuwa tumeshamwosha wakati wewe uko korongoni. Hakuna mtu aliyekuchelewesha."